Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya Zanzibar: unene wetu utibiwe kabla haujafika kwenye figo

Chake Chake, Pemba

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya huduma za afya na bima ya afya, Unguja na Pemba.

YAH: TIBA YA UNENE ULIOKITHIRI NA UFUATILIAJI WA WAGONJWA WAKE VISIWANI

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum. Naandika hadharani kwa sababu barua niliyoiandika kwa faragha haikujibiwa. Ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na kila nilipoulizia niliambiwa iko mezani. Meza ya nani, mpaka leo sijui. Sina ugomvi na karani aliyekuwa akinijibu, maana alikuwa muungwana mpaka mwisho. Maneno yangu yanawahusu walio juu yake, ambao wakiamua wanaweza kuibadilisha orodha ya huduma zinazolipiwa.

Mimi ni mwalimu wa sayansi katika skuli ya sekondari. Nina kilo 112 na urefu wa mita 1.60. Chukua kilo, gawanya kwa urefu uliozidishwa kwa urefu, jibu, yaani uwiano wa uzito na urefu, ni 43.75. Shirika la Afya Duniani linahesabu unene uliokithiri kuanzia 30. Nina sukari, nina presha, na magoti yangu yameanza kukataa ngazi za darasani. Daktari bingwa aliyeniona aliandika rufaa: niwekewe puto tumboni, na nisipofaa kwa puto nifanyiwe upasuaji wa matundu wa kupunguza tumbo. Bima yangu, ambayo hukatwa kwenye mshahara kila mwezi bila kuulizwa, ilikataa. Sababu nilipewa kwa mdomo tu, kwa maandishi sikupewa: hiyo ni huduma ya urembo.

Hoja zangu ni hizi.

1. Mnalipia matokeo ya ugonjwa, ugonjwa wenyewe mnauacha.

Bima hiyo hiyo inanilipia dawa za sukari na dawa za presha, na itaendelea kunilipia mpaka nife. Figo zikifeli, kama zinavyofeli kwa wengi wenye sukari ya muda mrefu, mgonjwa husafishwa damu kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Kidonda cha mguu kikishindikana, mguu unakatwa. Hakuna anayeliita hilo urembo. Lakini mzigo wa mafuta mwilini unaofanya insulini ishindwe kazi, unaopandisha presha, unaobana pumzi usiku mtu akiwa usingizini, huo ukitafutiwa tiba unaambiwa unataka kupendeza.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa na unene uliokithiri, na watu wazima peke yao walipita milioni 890. Shirika hilo linauhesabu kuwa ni ugonjwa sugu. Na tiba yake ina ushahidi wa miaka mingi. Nchini Sweden, kuanzia mwaka 1987, watafiti waliwafuata watu wanene zaidi ya 4,000, takriban nusu wamefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito na nusu wametibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji walikufa wachache zaidi.

Najua kuna msomaji anayesema moyoni: si mzuie midomo yenu tu? Ningemwomba ajaribu kutoka kwenye harusi ya Pemba bila ya kushikishwa sahani, kisha arudi tuzungumze. Lakini jibu la kisayansi lipo. Mtu mnene akipungua kwa kujinyima, tumbo lake hutoa kwa wingi zaidi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, na mwili hupunguza matumizi ya nguvu ili urudi ulikotoka. Ndiyo maana wengi hupungua kilo kumi, kisha wakarudisha kumi na mbili. Nimeyapitia hayo na wanafunzi wangu wameyaona kwa macho.

2. Tiba zenyewe hazihitaji tena kupasuliwa tumbo wazi.

Nazieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu nimegundua kwamba baadhi ya waliokataa ombi langu hawakujua wanakataa kitu gani.

Puto ni mfuko laini wa silikoni. Hupitishwa mdomoni ukiwa umekunjwa, daktari akiangalia kwa mpira wenye kamera, kisha hujazwa maji ya chumvi kiasi cha mililita 400 hadi 700. Hukaa ndani miezi sita, aina nyingine mwaka mzima, halafu hutolewa kwa njia ile ile. Hakuna kisu wala mshono. Mgonjwa hushiba mapema, na kwa kawaida hupungua asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Kwangu mimi hizo ni kilo 11 hadi 17. Hazinifanyi mwembamba, lakini kwa sukari na presha ni tofauti kubwa.

Njia ya pili ni kulishona tumbo kwa ndani, kwa kifaa kinachopitishwa mdomoni, likabaki jembamba. Utafiti wa Marekani uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 uliwalinganisha walioshonwa na waliopewa ushauri wa lishe na mazoezi peke yake. Baada ya wiki 52 walioshonwa walikuwa wamepungua wastani wa asilimia 13.6 ya uzito wao. Wenzao, 0.8.

Ya tatu ni upasuaji wa matundu: matundu machache madogo tumboni, kamera kwenye moja, vyombo kwenye mengine. Katika aina inayofanywa zaidi, takriban robo tatu ya tumbo au zaidi kidogo hukatwa na kutolewa, na kwa kuwa sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza ghrelini nyingi, njaa yenyewe hupungua. Katika aina nyingine hutengenezwa kijifuko cha mililita 30 hivi na utumbo ukaunganishwa hapo. Mgonjwa kwa kawaida hurudi nyumbani baada ya siku chache.

Sisemi kwamba ni muujiza. Puto likitolewa na mtu akarudia mazoea yake, kilo zinarudi. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwatahadharisha madaktari baada ya kupokea taarifa za vifo vya watu waliowekewa puto. Upasuaji unaweza kuvuja au kutoa damu, na aliyefanyiwa hutakiwa kumeza vitamini na madini, hasa B12, chuma na kalsiamu, maisha yake yote. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu. Kwa sababu ya hatari hizo ndiyo nataka tiba hizi ziwe chini ya uangalizi wenu, zisiachiwe soko.

Tena hatuzungumzii Mumbai wala Istanbul. Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, puto linawekwa na upasuaji huu unafanywa.

3. Ufuatiliaji hakuna, na hapa ndipo ninapoogopa zaidi.

Kuweka puto ni kazi ya nusu saa hivi. Tiba ni ile miezi sita inayofuata. Siku za mwanzo mgonjwa hutapika na kusokotwa, maana tumbo linataka kulitoa lile dude, na akitapika sana anakaukiwa maji. Muda wote puto likiwa ndani anatakiwa ameze vidonge vya kupunguza tindikali na ajiepushe na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, la sivyo anajitafutia vidonda vya tumbo. Yale maji ya kwenye puto mara nyingi hutiwa rangi ya buluu, ili likivuja mkojo ugeuke kijani na mgonjwa ajue. Akiona hivyo anatakiwa awahi hospitali kabla puto lililosinyaa halijashuka likaziba utumbo. Na muda wake ukifika ni lazima litolewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; mgeni huyu wa miezi sita akizidisha muda hashikishwi jembe, anakuziba njia.

Sasa mfikirieni mtu wa Micheweni, usiku, mkojo wake umekuwa kijani. Amwendee nani? Nani Pemba ameandikiwa kwamba jambo hili ni la dharura? Nani ana orodha ya watu wetu wanaotembea na puto tumboni? Kisiwa hiki kilikuwa na watu 543,441 katika sensa ya 2022, na baina yetu na puto la Dar kuna bahari mara mbili.

Mwalimu mwenzangu aliuza ng'ombe na mkufu wake, akawekewa puto katika kliniki moja ya binafsi ng'ambo. Walimruhusu upesi, akapanda boti kurudi, na ilikuwa msimu wa kusi. Wanaoijua bahari ya Pemba wakati wa kusi hawahitaji maelezo, na huyu alikuwa anatapika kabla hata ya kufika bandarini. Alishushwa kwa kushikwa mikono. Hospitali aliyokimbizwa, dokta wa zamu, kijana mwenye adabu, alimtundikia dripu kisha akasema kweli: hakuwahi kumwona mgonjwa wa puto, na hakukuwa na mwongozo wowote wa kumwelekeza. Akaipigia simu kliniki. Simu iliita mpaka ikakata. Yule dada alipona, alhamdulillahi, na puto lilitolewa wakati wake kwa sababu mumewe aliiandika tarehe kwenye ukuta wa jiko. Huo ndio mfumo wa ufuatiliaji tulio nao: ukuta wa jiko la mtu.

Simlaumu yule dokta hata chembe.

4. Pengo mliloliacha linajazwa na wauzaji wa simuni.

Fungueni simu zenu. Chai ya kukata tumbo, vidonge vya asili, sindano za kupunguza kilo zinazoletwa mpaka mlangoni bila cheti cha daktari. Katika nchi nyingi, vidonge na chai zinazouzwa kama za mitishamba zimepimwa zikakutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwenye moyo na mishipa. Mwanamke mwenye presha anayekunywa chai hiyo anadhani anakunywa majani. Aliyenyimwa mlango wa hospitali anapita dirishani, na ataendelea kupita.

5. Hata vifaa vya kawaida havitufai.

Hili ni dogo na linarekebishika kesho. Mkanda wa presha wa kawaida ukibanwa kwenye mkono mnene husoma juu kuliko presha ilivyo, na mtu anaandikiwa dawa asiyoihitaji au dozi kubwa kuliko inayomfaa. Mkanda mpana upo na si ghali. Mizani nayo iwekwe pahala penye pazia, si ukumbini watu wakisoma kilo za mwenzao kwa sauti. Kuna kinamama ninaowajua walioacha kliniki ya sukari kwa sababu ya mizani tu.

Najua nitakayojibiwa, kwa hiyo nitangulie.

Mtasema fedha hakuna. Basi pigeni hesabu na muitoe: gharama ya puto moja na ufuatiliaji wake, kwa gharama ya mgonjwa mmoja wa figo kwa mwaka. Nyinyi mna takwimu, mimi sina. Hesabu hiyo ikionyesha nimekosea, ichapisheni.

Mtasema wataalamu hakuna. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964, na wanaoletwa kutoka jimbo la Jiangsu wamekuwa wakifanya upasuaji wa matundu pamoja na madaktari wetu. Mikono inayotoa kifuko cha nyongo kwa matundu ina pa kuanzia. Kwa sasa, hata hivyo, siombi mfungue chumba kipya cha upasuaji. Naomba mgonjwa apelekwe pale panapofanywa, kisha akirudi apatikane wa kumpokea.

Mtasema watu watajazana kwa urembo. Vigezo vipo. Mwaka 2022 jumuiya mbili kubwa za madaktari wa upasuaji huu, ya Marekani na ya kimataifa, ziliupendekeza kwa mwenye uwiano wa 35 na kuendelea, na kuwa wa kufikiriwa kwa mwenye 30 hadi 34.9 akiwa na maradhi kama sukari. Wekeni vigezo vikali zaidi ya hivyo mkitaka. Mwenye kilo tano za baada ya uzazi hatapita, na hana haja ya kupita.

Mtasema yapo maradhi makubwa zaidi. Visiwa hivi vilishusha maambukizi ya malaria hadi chini ya asilimia moja, jambo ambalo nchi nyingi jirani zinalitamani. Waliofanya kazi ile hawakungoja maradhi mengine yaishe.

Wapo watakaosema, kwa nia njema, kwamba kulikata tumbo ni kubadili umbile alilolitoa Mwenyezi Mungu. Mimi si mwanachuoni. Najua tu kwamba kidole kilichooza kwa sukari hukatwa na hakuna anayeuliza. Ikiwa suala hili lina uzito kwenu, ombeni ufafanuzi rasmi kwa Mufti, watu wapate jibu moja badala ya majibu ya barazani.

Na mtasema, hili nalingoja kwa hamu, turudi kwenye muhogo na samaki kama wazee wetu. Sina pingamizi. Muhogo upo. Changu na tasi bei yake sokoni mnaijua, na mnajua pia mahoteli yananunua kwanza. Lishe na mazoezi ni sehemu ya tiba hii, kwani bila hayo puto ni maji ya chumvi tu. Lakini kumwambia mtu wa 43 atembee asubuhi halafu kumfungia jalada, hiyo si tiba.

Ninayoomba ni haya, na nimejizuia yasiwe mengi.

Kwanza, unene uliokithiri uandikwe katika orodha ya maradhi yanayotibiwa kwa bima, kwa vigezo vilivyochapishwa, na kila anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi pamoja na njia ya kukata rufaa.

Pili, hata kabla ya hilo la kwanza, kila hospitali ya mkoa na ya wilaya ipewe mwongozo wa ukurasa mmoja kuhusu mgonjwa mwenye puto au aliyepunguzwa tumbo: dalili za hatari, dawa, na namba ya daktari anayepokea simu. Uwekwe panapoonekana, Unguja na Pemba. Mgonjwa naye apewe kadi yenye tarehe ya kuwekewa na tarehe ya kutolewa, na afunguliwe daftari lake hospitalini. Ukurasa mmoja hauhitaji bajeti, na katika yote niliyoyaandika huo ndio ningeuomba kama ningeruhusiwa kuomba kimoja tu.

Tatu, angalau muuguzi mmoja na mtaalamu mmoja wa lishe Pemba wafundishwe kuwafuatilia wagonjwa hawa, pamoja na suala ambalo vitabu vya wageni haviligusi vya kutosha: funga ya Ramadhani. Aliyepunguzwa tumbo karibuni hunywa maji kwa vifundo kutwa nzima, hawezi kuyanywa yote kwa mkupuo wakati wa futari. Anatakiwa kuambiwa na daktari lini anaweza kufunga na lini alipe baadaye, asiachwe akisie mwenyewe.

Nne, kliniki za ng'ambo zinazowahudumia watu wetu zitakiwe kuwapa barua ya kuja nayo hospitali ya huku, na wauzaji wa vidonge na sindano mitandaoni wafuatwe na wenye mamlaka ya dawa.

Naomba jibu la maandishi lenye saini, kabla Baraza la Wawakilishi halijakaa Chukwani kuijadili bajeti ijayo. Likija nitalichapisha hapa hapa nilipoichapisha barua hii, neno kwa neno, hata likiwa la kukataa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa sayansi, Chake Chake

Nakala: Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wa majimbo ya Pemba.